Loki haitaokoa difu mbovu ya gari la mpunga

MPUNGA wa Majimoto huvunwa kuanzia Mei, wakati kila mwenye shamba katika bonde la Ziwa Rukwa naye anavuna, na bei huwa chini. Bei huanza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka na hufika juu kati ya Januari na Aprili, akiba ya mijini inapopungua. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua mkoani Katavi. Udongo mweusi wa mbuga unaoustawisha mpunga hugeuka tope linaloshika gari hadi kwenye ekseli, na njia za kutoka mashambani kwenda Majimoto, Kibaoni na hatimaye Mpanda hupitika kwa kubahatisha.

Soko, kwa hiyo, hulipa vizuri wakati ambao gari linapita kwa shida. Mwenye gari linaloweza kuingia shambani Februari na kutoka na mzigo ndiye anayetaja bei, na mkulima aliyehifadhi magunia yake kumi akisubiri neema hana mnunuzi wa pili wa kumlinganisha naye. Gari moja likivunjika ekseli njiani, ushindani hupungua na bei ya shambani hushuka siku hiyo hiyo. Ndiyo maana habari ya meno ya chuma yaliyofichika chini ya gari si ya dereva na fundi peke yao.

Jibu la kwanza la wenye magari huwa ni kununua tairi kubwa. Gari huinuka, tumbo haliburuzi kwenye tope, na mwenye gari huongezewa heshima kijiweni. Jibu la pili, ambalo madereva wa Land Cruiser na Hilux hulitaja sana, ni kufunga loki ya difu. Majibu yote mawili yana faida yake. Tatizo ni mpangilio. Tairi hununuliwa kwanza, difu inavunjika, difu ya mtumba inatafutwa kwa haraka bila kuhesabu meno yake, kisha loki inafungwa juu ya difu hiyo isiyolingana na ya mbele. Fedha hutumika mara tatu na gari bado linalala porini.

Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi na transifa, kisha husafiri kwa propela shafti hadi katikati ya ekseli. Hapo hukutana na gia mbili: pinyoni, iliyo ndogo, inayozungushwa na propela shafti, na krauni, iliyo kubwa kama sahani, inayopeleka mzunguko kwa magurudumu. Krauni imefungwa kwenye nyumba ya chuma yenye gia nyingine ndogo ndani yake. Gia hizo ndogo ndizo zinazoruhusu gurudumu la nje lizunguke kasi zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni difu ya namna hiyo katika miaka ya 1820, enzi za magari ya mvuke, na msingi wake haujabadilika hadi leo.

Kwenye barabara kavu utaratibu huo ni mzuri. Kwenye tope ni adui. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa pande mbili, na haiwezi kulipa gurudumu moja zaidi ya kile ambacho mwenzake anaweza kukipokea. Gurudumu lililo kwenye tope hupokea kidogo sana kwa kuwa linateleza, basi na lile lililo kwenye ardhi ngumu hupewa kidogo vile vile. Hata gari la fowili lenye difu za kawaida mbele na nyuma linaweza kusimama kabisa huku magurudumu mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma, yakirusha tope. Loki inachofanya ni kuzizuia zile gia ndogo zisizunguke, ili magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja kama ya mkokoteni uliopigiliwa. Lililo kwenye ardhi ngumu husukuma, na gari hutoka.

Kabla ya kufika kwenye loki, ipo hesabu ya krauni na pinyoni, na hesabu hiyo haimhitaji msomi. Land Cruiser nyingi za kazi zina pinyoni ya meno 9 na krauni ya meno 37. Ukigawa 37 kwa 9 unapata 4.11, maana yake propela shafti huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi ya asili ya magari hayo, ile ya 7.50-16, ina kimo cha karibu inchi 32. Mwenye gari akifunga tairi ya inchi 35, kimo kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 9. Injini itaona kana kwamba difu imeshuka kutoka 4.11 hadi 3.75 hivi. Gia ya kwanza haina tena nguvu ile, dereva huishikilia klachi kwa mguu ili gari lisizime, na klachi inaungua. Hata kipima mwendo kitadanganya: kitasoma 80 wakati gari linakwenda 87.

Kurudisha nguvu iliyopotea kunahitaji krauni na pinyoni mpya zenye uwiano wa karibu 4.5. Zipo za meno 41 kwa 9, yaani 4.56, na zipo za meno 39 kwa 8, yaani 4.88, kwa anayetaka nguvu zaidi na yuko tayari kupoteza mwendo kwenye lami. Zote hubadilishwa mbele na nyuma kwa pamoja, kwa hiyo gharama ni mara mbili. Aidha, kadiri uwiano unavyopanda ndivyo pinyoni inavyozidi kuwa ndogo, na pinyoni ndogo hustahimili mshtuko kidogo kuliko nene. Kwa gari linalobeba mpunga kutoka Majimoto, hesabu hii inaelekea upande mmoja: tairi ya kimo cha asili, yenye meno ya tope, na uwiano wa kiwandani. Fedha ambayo ingekwenda kwenye tairi za inchi 35 na seti mbili za krauni ibaki kwa ajili ya kuiweka difu ya nyuma katika hali nzuri na kuifunga loki. Tairi kubwa ziachiwe wenye magari ya fahari.

Kosa linalovunja magari mengi ni la difu ya mtumba. Ya nyuma imekufa, fundi anapata nyingine inayoingia vizuri kwenye ekseli, boliti zinakaa, gari linaondoka. Hakuna aliyehesabu. Ikiwa difu ya mbele ni 4.11 na iliyofungwa nyuma ni 3.9, gari litatembea bila tatizo kwa muda wote ambao linavutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Siku dereva atakapoingiza fowili, ekseli mbili zitaanza kushindana ndani ya transifa. Kwenye tope tairi zitateleza na kuficha ugomvi huo. Kwenye ardhi ngumu kitu kitakatika.

Kuhesabu ni kazi ya dakika kumi. Gari huwekwa mahali tambarare, huzuiwa kwa mawe, gia hutolewa, breki ya mkono huachiwa, na gurudumu moja tu la nyuma huinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi imara. Alama ya chaki huwekwa kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Gurudumu lililoinuliwa huzungushwa mara mbili kamili huku mtu mwingine akihesabu mizunguko ya propela shafti. Kwa difu ya kawaida, idadi hiyo ndiyo uwiano. Ikizunguka mara nne na sehemu ndogo kama ya kumi, ni 4.11, ikizunguka mara nne na nusu, ni 4.56 au jirani yake. Difu inayouzwa ikiwa chini, nje ya gari, huhesabiwa meno yenyewe, na muuzaji anayekataa ihesabiwe ameshajibu swali.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wa spea hulipuuza ni kwamba krauni na pinyoni ni mke na mume. Husagwa pamoja kiwandani na hupewa namba moja. Kununua krauni mpya na kuiacha pinyoni ya zamani, au kuchanganya za magari mawili, ni kununua kelele. Difu iliyofungwa namna hiyo huanza kulia kama filimbi dereva anapokanyaga mafuta, kisha meno hukwanguka, na unga wa chuma huingia kwenye beringi zote.

Kufunga kwenyewe ndiko kunakotenganisha fundi na mbabaishaji. Pinyoni lazima ikae kwenye kina chake, kinachorekebishwa kwa shimu nyembamba. Beringi zake lazima zikazwe kwa kipimo, zisilegee na zisibane. Nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinyoni, ule mchezo mdogo unaosikika ukitikisa, kwa Toyota nyingi ni kati ya milimita 0.15 na 0.20. Huo ni unene wa karatasi mbili za daftari. Hakuna mkono wa binadamu unaopima hivyo kwa kutikisa. Hupimwa kwa geji yenye uso kama saa, na bei ya geji hiyo ni ndogo kuliko ya krauni moja. Baada ya hapo meno hupakwa rangi, huzungushwa, na alama inayobaki huonyesha kama yanakutana katikati au pembeni. Mwenye gari halazimiki kuijua kazi hii, lakini anaweza kumuuliza fundi swali moja kabla ya kumpa ufunguo: geji iko wapi?

Na kwa kuwa kazi hiyo ni ya kufungua kila kitu, ndipo mahali pa kuzungumzia loki. Loki ya kufungwa hukaa mahali pa ile nyumba ya gia ndogo, na krauni huhamishiwa juu yake. Maana yake kuifunga loki ni kurudia vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu. Anayebadilisha krauni mwaka huu na kufunga loki mwakani atamlipa fundi mara mbili kwa kazi ile ile, na beringi na oili sili atazinunua mara mbili. Difu ikifunguliwa, vyote vifanyike siku hiyo.

Zipo loki za aina kadhaa. Ya hewa, kama zile za kampuni ya ARB ya Australia, huwashwa kwa swichi na kusukumwa na kompresa ndogo. Ni nzuri, lakini mpya huzidi dola 1,000 za Marekani kabla ya usafiri na kodi, na mpira wake wa hewa ukikatwa na kisiki porini haifanyi kazi. Zipo za kujifunga zenyewe, zisizo na waya wala mpira, bei yake ni nafuu, ila hugonga kwenye kona, hula tairi na humshtua dereva asiyezizoea kwenye utelezi. Na ipo "loki" ya gereji za uchochoroni: kuchomelea gia ndogo kwa umeme hadi zishikane. Hiyo haifunguki tena. Kila kona ya barabara kavu inakuwa ni vita kati ya tairi mbili, na kinachoshindwa mwisho ni hafu shafti. Kwa gari linalotoka shambani kwenye tope asubuhi na kukanyaga lami mchana, kuchomelea difu ni kujitafutia ajali.

Kabla ya kununua yoyote kati ya hizo, mwenye gari na achunguze kama tayari anayo. Land Cruiser, Hilux Surf na Prado kadhaa zilitoka kiwandani zikiwa na loki ya nyuma, na baadhi ya Land Cruiser zina ya mbele pia. Kwenye dashibodi huwa kuna kitufe cha kuzungusha chenye herufi RR, au RR na FR. Magari ya mashirika na ya serikali yanayouzwa kwa mnada hupitia mikono mingi, na kitufe hicho mara nyingi hakijaguswa kwa miaka. Mota yake ndogo iliyo kwenye ekseli hushikwa na kutu kwa kutotumika. Kuifungua, kuisafisha na kuipaka grisi ni kazi ya fundi wa kawaida, na gharama yake haikaribii hata robo ya loki mpya. Ikishapona, iwashwe walau mara moja kila mwezi kwenye ardhi laini, hata kiangazi.

Gharama nyingine ndogo inayosahaulika ni ya kipumulio. Ekseli ina tundu la kupumulia lenye kifuniko kidogo, kwa kuwa oili ikipata moto hewa hutanuka. Gari lililokimbia kwa saa nzima likiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa iliyo ndani hujikunyata na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, maji huingia kupitia oili sili. Kikiwa wazi lakini kiko chini ya maji, huingia humo humo. Dalili yake ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Difu mpya ikiendeshwa wiki chache na oili ya namna hiyo ni takataka. Mpira mrefu unaounganishwa na kipumulio na kupandishwa hadi karibu na injini humaliza tatizo hilo. Ni ajabu kuona gari lililofungwa mkonga wa mamilioni kulinda injini na maji huku ekseli yake ikipumulia mtoni.

Loki ikishafungwa, matumizi yake ni ya muda mfupi. Huwashwa kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linatambaa, si baada ya magurudumu kuchimba mashimo. Huzimwa mara gari linapokanyaga ardhi ngumu. Kwenye njia iliyolala upande huweza kuliteremsha gari bondeni, kwa sababu magurudumu yote mawili huteleza pamoja. Dereva aliyezoea kuondoa gari kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho naye abadili mwenendo: nguvu yote ya injini ikiwa kwenye gurudumu moja lenye mshiko, hafu shafti ndiyo hukatika.

Hapa ndipo lumbesa inapoingia kwenye habari ya difu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na vita ya Wakala wa Vipimo dhidi ya lumbesa inafahamika. Mkulima huiona lumbesa kama wizi, na ana haki. Lakini mfanyabiashara anayejaza kilemba juu ya gunia naye hujiibia kwa njia asiyoiona. Anahesabu magunia kumi na kumwambia dereva ni tani moja, kumbe nyuma kuna tani moja na robo, na watu watatu juu yake. Krauni haijui hesabu ya magunia. Inajua uzito.

Ipo pia hoja ya barabara, ambayo wenye magari yenye loki hawapendi kuisikia. Gari linalopita kwa nguvu mahali ambapo lingepaswa kusubiri tope likauke huacha makorongo. Siku inayofuata makorongo hayo ni ya mkokoteni wa maksai, ya baiskeli na ya bodaboda ya mjamzito anayepelekwa zahanati. Daraja la mto Kavuu kwenye barabara ya Majimoto kwenda Inyonga lilionyesha jinsi kazi moja ya serikali inavyozidi mbinu zote za madereva. Barabara za kuingia mashambani, ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, hazihitaji lami ili zipitike Februari. Zinahitaji makalavati na tuta lililoinuliwa kwenye vipande vichache ambavyo kila dereva wa Mpimbwe anavijua kwa majina. Halmashauri inayotoza ushuru wa mazao inavijua pia.

Na mkulima asiye na gari anaweza kufanya kitu bila kusubiri tuta wala loki. Oktoba na mwanzoni mwa Novemba njia bado ni kavu, na maksai wanapita popote. Magunia yakitolewa mbugani wakati huo na kuhifadhiwa kwenye ghala lililo kando ya barabara kuu, la kikundi au la ushirika, yatakuwa mahali ambapo hata Fuso isiyo na fowili inaweza kuyafuata Februari. Wanunuzi watakuwa wengi, na mwenye Land Cruiser ya loki atakuwa mmoja wao tu. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu mwaka 2005. Hata pale utaratibu huo haujafika, ghala la kawaida lenye mlango na mizani ya kuaminika linatosha kuanzia.

Kwa wenye magari, kalenda ni hiyo hiyo. Krauni na pinyoni mpya hazipaswi kubebeshwa mzigo siku zinapofungwa. Huendeshwa taratibu kilomita 25 au 30 za kwanza, gari husimama hadi ekseli ipoe, kisha hutembea bila mzigo mzito hadi kilomita 800, ndipo oili ya kwanza humwagwa pamoja na unga wake wa chuma na kuwekwa nyingine, ya difu ya kiwango cha GL-5, si ya injini. Spea zenyewe aghalabu hazipo Majimoto wala Mpanda. Huagizwa Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam, na zikija zisizolingana hurudishwa. Ukijumlisha siku za kuagiza, za fundi na za kulainisha meno, kazi inayoanza Agosti inamalizika Oktoba. Inayoanza Desemba itafanyika chini ya mwembe, juu ya turubai, huku maji ya mvua yakidondokea ndani ya difu iliyo wazi.